Jina Lisilopigiwa Mstari

Simu ya Mhariri iliingia wakati Mama Kidoti anaanua nguo kambani. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mabati ya majirani na upepo umeanza kuwa na ubaridi. Aliibana simu kwa bega, mikono imejaa vigauni vya mtoto.

"Mdogo wangu, nitakufa na presha," alisema Mhariri, hata salamu hakuna. "Ile mistari imetokea tena. Familia ya marehemu mwenye kiwanda cha mbao wamenipigia sasa hivi. Wananiuliza, mbona jina la baba yetu mmelipigia mstari mwekundu? Amekosea kufa?"

Mama Kidoti alitaka kucheka, akauma mdomo.

Mhariri alikuwa na blogu ya matangazo ya mji. Humo watu walitangaza harusi, vifo, maduka mapya na mbuzi waliopotea. Kazi ya Mama Kidoti ilikuwa kulipitia kila tangazo kabla halijatoka, asiachie kosa. Alisaidiwa na kisahihishi, programu ndogo iliyoongezwa kwenye blogu. Kikikuta neno kisilolijua, kilipiga mstari mwekundu chini yake. Mstari ule ulikuwa wa kumwonyesha mwandishi tu, kisha ubaki ndani. Lakini siku za karibuni ulikuwa unatoka nje pamoja na tangazo, dunia nzima inauona. Na kwa kuwa kisahihishi hakikujua majina ya watu, majina ndiyo yaliyoumia.

"Machache nimeyatibu mwenyewe," aliendelea Mhariri. "Ukiligusa neno, kinatokea kitufe kimeandikwa Jifunze. Nikibonyeza, mstari unafutika. Lakini sitakaa nikifundishe mji mzima! Nenda ofisini, Fundi atakupigia, hangaikeni nacho mpaka kipone. Mimi niko msibani, siwezi kuinuka."

Mama Kidoti alitaka kusema giza linaingia. Alitaka kusema Baba Kidoti yuko safarini na lori lake, na hana wa kumwachia mtoto. Maneno yalifika kooni yakakaa hapo hapo, kama kawaida yake.

"Sawa, dada," alisema.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Muuza Viatu alikuwa bado ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, anapiga brashi kiatu cha mteja. Alipomwona Kidoti aliacha kila kitu.

"Mchumba wangu! Leta mguu nikupime."

"Sitaki, wewe mzee!"

"Mzee mimi? Haya. Siku ukitaka viatu vya harusi, usinijue."

Kidoti alicheka mpaka lile doa dogo jeusi la shavuni, lililompa jina lake, likapotea kwenye kunjo la shavu. Alikuwa na miaka minne na hakuogopa mtu yeyote. Mama yake alimtazama akajiuliza ujasiri ule aliurithi kwa nani.

Mlinzi aliyekaa chini ya ngazi alipunguza sauti ya redio yake. "Taa ya koridoni imeungua," alisema. "Pandeni taratibu."

Walipanda wakipapasa ukuta.

Ndani kulikuwa na meza mbili. Moja ya Mhariri, imejaa vikombe. Ya pili ndiyo ya Mama Kidoti, na kabla yake ilikuwa ya Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu pale. Watu walimwita hivyo kwa umri wake na kwa ule ukimya wake wa kumtazama mtu kama anampima. Ndiye aliyekileta kisahihishi, akakisajili yeye mwenyewe. Kisha mwaka uliopita alianguka juu ya meza hiyo hiyo, mkono uko kwenye kompyuta. Tangu hapo alilala nyumbani kwa mdogo wake, hasemi, hatembei.

Mto wa kiti ulikuwa na shimo la umbo lake. Mama Kidoti hakuwahi kulizoea. Kila akikaa, alihisi amekaa mapajani mwa mtu.

Alimpa Kidoti karatasi na penseli, mtoto akaingia chini ya meza kuchora. Simu ikaita.

"Shemeji!" Fundi alikuwa anatafuna kitu. Alikuwa rafiki wa Baba Kidoti tangu utotoni. "Nimeambiwa mna mgonjwa. Haya, tumlaze kitandani. Umeingia kwenye blogu?"

"Nimeingia."

"Zima viongezo vingine vyote. Tubaki na yeye peke yake, tujue kama anasumbuliwa na wenzake."

Alizima kimoja kimoja. Akafungua tangazo jipya, akaandika, akatazama. Mistari ilikuwepo.

"Angalia lugha. Imeandikwa nini?"

"Kiswahili."

"Basi kichwa chake kizima. Futa kumbukumbu za kivinjari, funga, fungua upya."

Akafanya. Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Kikazunguka... kikazunguka... Nje ya dirisha giza lilikuwa limeshakamata. Chini, Muuza Viatu alikuwa anapiga mluzi.

Ukurasa ulipofunguka, Fundi akamwambia aandike majina ya watu, yoyote. "Kisahihishi kizima hakijui majina. Lazima yote yawe mekundu."

Aliandika jina lake. Jekundu. Akaandika la Fundi. Jekundu.

"Hata mimi hanijui? Na sifa zote hizi?"

Mama Kidoti alitabasamu peke yake. Akaandika jina la Muuza Viatu, lile lililochorwa juu ya duka lake.

Mstari haukuja.

"La huyu wa chini limepita," alisema.

"Si ametangaza duka kwenu? Mhariri atakuwa amelifundisha, mistari imsumbue kwa nini. Endelea."

Lakini mkono wake ulisita. Alikumbuka jina jingine lililopita hivyo hivyo, bila mstari. La Kinyozi wa pale kona. Naye alikuwa ametangaza kwamba ameongeza viti viwili na kioo kikubwa. Siku chache baadaye Mama Kidoti ndiye aliyeandika tangazo la kifo chake. Aliona jina limekaa jeupe, safi, akashukuru kazi imepungua. Watu walisema Kinyozi hakuwa anaumwa. Alikuwa amekaa na mkewe jioni, mtu akamwita kutoka nje. Akaitika, "Naam," akatoka. Mkewe alimkuta kizingitini, amekaa, macho wazi.

Mama Kidoti alijisugua mikono. Palikuwa na harufu ndani ya chumba... kama ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Hapakuwa na mshumaa.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

"Sasa tujaribu hicho kitufe cha Jifunze. Nahisi ugonjwa uko hapo. Andika jina ambalo halijawahi kuingia kwenye blogu yenu hata siku moja. Nataka nione linavyopokelewa."

Mama Kidoti akafikiri. Mji ulikuwa mdogo. Kila jina aliloliwaza, alikuwa ameshaliandika kwenye harusi, au msiba, au mbuzi aliyepotea. Moja tu ndilo lililokuwa halijapita pale. Jina la mwanawe. Si Kidoti. Lile jingine, zito, la kizamani, alilopewa na bibi yake mzaa baba. Lilikaa kwenye cheti ndani ya sanduku na halikuwa likitumika. Nyumbani Kidoti, kwa majirani Kidoti. Mtoto mwenyewe hakulijua.

Akaliandika.

Mstari mwekundu ukaja mara moja.

"Safi. Bonyeza Jifunze."

"Nisitafute jina jingine?"

"La nani hilo?"

"La... la mtoto."

"Shemeji, ni jaribio tu. Tukimaliza tunalifuta. Chakula changu kinapoa."

Aliona aibu kubishana. Akabonyeza.

Mstari ulianza kutoka. Haukufutika wote kwa pamoja. Ulitoka mwisho kuja mwanzo, polepole, kama uzi unaovutwa na mtu aliyekaa upande wa pili wa kioo. Jina likabaki jeupe.

Kisha mistari mingine yote ikazimika.

"Naona kwenye ukurasa wa nje, imetoka yote!" Fundi alipiga meza kwa furaha. "Kimepona! Kumbe kilikuwa na njaa tu."

Mama Kidoti aliinamia kioo. Juu ya ukurasa lilikuwa limetokea tangazo dogo la kijivu.

*Shangazi yupo kwenye ukurasa huu.*

Na kishale cha pili, si chake, kilikuwa kinatembea. Kilishuka mstari kwa mstari kama kidole cha mtu anayesoma. Kilifika kwenye jina la mtoto.

Kikasimama.

"Fundi," alinong'ona. "Umeingia humu kwa akaunti ya Shangazi?"

"Mimi? Mkono mmoja una simu, mwingine una kijiko."

"Kuna mtu yumo."

Kutafuna kukakoma. Vidole vyake vikasikika vinagonga vitufe. "Ngoja... Kisahihishi hiki kimesajiliwa kwa jina lake. Aa. Sasa ndiyo naona. Kila neno mnalokifundisha halikai kwenye mashine yenu. Linakwenda kwake, kwenye simu yake. Lakini si mlisema yule mama hajiwezi?"

Koridoni kulikuwa na hatua.

Hazikuwa za viatu. Zilikuwa nyayo tupu juu ya saruji, moja inatua, nyingine inaburutwa. Zilikuja bila haraka. Zikakoma nje ya mlango.

Mluzi wa Muuza Viatu ulikuwa umenyamaza.

Kisha sauti ikaita.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, laini, kama ya mtu mwenye pipi mkononi. Iliita jina la mtoto. Lote. Lile la kwenye cheti.

Mama Kidoti aliondoa mikono kwenye vitufe.

"Mama," alisema Kidoti kutoka chini ya meza. "Kuna bibi anaita mtu."

"Shh."

"Anamwita nani?"

"Simjui."

Sauti ikaita tena, kwa upole zaidi, ikivuta mwisho wa jina kama wimbo wa kulaza.

"Maskini," alinong'ona Kidoti. "Haitikiwi. Nimwambie hayupo?"

Mama Kidoti alishuka kwenye kiti akaingia chini ya meza, akamkumbatia mtoto, kiganja juu ya mdomo wake. Simu alikuwa ameibana kwa bega. "Futa," alimwambia Fundi, sauti haizidi pumzi. "Futa hilo jina."

"Nafuta... linagoma. Linataka neno la siri la mwenye akaunti." Kijiko kikasikika kinaanguka. "Shemeji, huyo anayeita hapo ni nani?"

Naye alisikia.

"Niambie namna ya kukiondoa. Chote."

Alimwelekeza, na sasa hakuwa na utani hata chembe. Mama Kidoti alinyoosha mkono mmoja juu ya meza, akitazama kioo kwa ncha ya jicho. Bonyeza hapa. Sasa hapa. Ondoa. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Chini ya swali paliandikwa kwa herufi ndogo: *Maneno yaliyofundishwa yatabaki kwa mwenye akaunti.*

Kitasa cha mlango kikageuka robo. Kikarudi.

Akabonyeza Ndiyo.

Tangazo la kijivu likapotea. Kishale cha pili kikapotea. Nje ya mlango, mtu alishusha pumzi ndefu, kama mgeni aliyeambiwa wenyeji wametoka. Kisha zile nyayo zikaanza kuondoka. Tua, buruta. Tua, buruta. Zikashuka ngazi.

Mama Kidoti akafumba macho kwa shukrani.

Ndipo akaisikia sauti ile ile chini, mlangoni mwa duka. Ilikuwa inaita jina jingine. Jina lililochorwa juu ya duka.

Alijua. Ghafla alijua yote, akafungua kinywa apige kelele, *usiitike*. Haikutoka hata herufi.

"Naam!" alijibu Muuza Viatu, kwa ile sauti yake ya uchangamfu. "Karibu, mama. Naja."

Mluzi haukurudi.

Waliposhuka, Kidoti mgongoni amefunikwa kichwa kwa mtandio, duka lilikuwa bado linawaka taa. Muuza Viatu alikuwa ameketi kwenye kigoda, amewapa mgongo. Brashi iko mkononi.

"Mzee, kwaheri!" alisema Kidoti kutoka ndani ya mtandio.

Hakujibu. Mama Kidoti aliongeza mwendo. Alijiambia amesinzia. Alijiambia hivyo hadi getini.

Mlinzi sasa alikuwa pale, akawafungulia. "Yule bibi yenu ameshashuka," alisema. "Mbona anatembea peku na baridi hii? Nimemuuliza kama amemkuta mwenyeji wake. Kasema mwenyeji bado mdogo, lakini yeye hana haraka."

Asubuhi duka la viatu lilikuwa limezungukwa na watu. Mama Kidoti hakusogea karibu. Alisimama upande wa pili wa barabara mpaka Fundi alipokuja na pikipiki, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hawakusalimiana kwa utani. Alipanda nyuma, Kidoti akakaa katikati, wakaenda nyumbani kwa mdogo wake Shangazi. Walitaka kitu kimoja tu. Neno la siri.

Mdogo wake Shangazi alikuwa anakunja shuka kibarazani. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo na bado haamini.

"Mmechelewa," alisema. "Ameondoka alfajiri."

"Amefariki?" aliuliza Fundi.

"Amefariki wapi! Ameondoka kwa miguu yake. Mwaka mzima namgeuza kitandani kama gogo. Leo nimeamka nikamkuta amekaa, amejipaka mafuta, amechana nywele. Nikapiga kelele. Akanitazama tu. Akachukua simu yake, akatoka. Ile simu tulimwachia chini ya mto muda wote, maana ukiitoa alikuwa analia. Ikilia mlio, anatabasamu. Siku alipofariki yule kinyozi wenu ililia, akaanza kunyanyua mkono. Tukasema Mungu mkubwa, dawa imekubali."

"Na jana jioni?" Ilikuwa mara ya kwanza Mama Kidoti kufungua kinywa. "Jana jioni alikuwa wapi, dada?"

"Jana? Si hapa kitandani! Nilikuwa namlisha mimi kwa kijiko. Alikuwa amefumba macho tu, anapumua kama aliyepanda mlima." Akapiga shuka, akaikunja tena. "Kitu kimoja ndicho sikielewi. Ametoka amevaa viatu. Vipya, vinang'aa, bado vina harufu ya rangi. Humu ndani hajawahi kuwa na viatu."

Fundi aligeuka akatazama barabara. Mama Kidoti alimvuta Kidoti karibu, akamziba masikio, ingawa kilichosemwa kilikuwa kimeshasemwa.

Hawakumpata. Mhariri alipoambiwa, alicheka kwanza, kisha hakucheka tena. Alikumbuka ni majina ya nani aliyoyabonyeza yeye kwa kidole chake. Blogu aliifunga wiki ile ile, akasema amechoka na mambo ya mitandao. Fundi alijaribu kila ufundi alioujua kuifungua ile akaunti. Siku moja alimpigia Mama Kidoti akamwambia, "Shemeji, nisamehe," akakata simu.

Baba Kidoti aliporudi safari alisikiliza yote bila kumkatiza. Akasema jina litabadilishwa. Mama yake akanuna, akasema jina la ukoo halivuliwi kama shati. Baba Kidoti akafuatilia hata hivyo, akaambiwa arudi kesho, arudi kesho kutwa, kisha lori likamwita tena barabarani. Mke na mume wakakubaliana jambo moja. Lile jina lisitamkwe ndani ya nyumba. Mtoto asilijue. Mradi halijui, hawezi kuliitikia.

Na kweli, jioni nyingine ilikuwa inasikika. Mbali, upande wa barabara, sauti laini inaita. Kidoti huinua kichwa, husikiliza kidogo.

"Bado hajampata mtu wake," husema, kisha huendelea na mchezo wake.

Mwaka mpya ulipoanza, ilibidi mtoto aende chekechea.

Mama Kidoti alitangulia kumwona Mwalimu. Alisimama mlangoni mwa darasa akisokota ncha ya mtandio. Alikuwa amejizoeza njia nzima. "Naomba... naomba humu mumwite Kidoti tu. Lile jingine msilitumie."

Mwalimu alikuwa kijana mchangamfu mwenye chaki hata kwenye nyusi. "Mama, hata mimi kwetu naitwa Bonge! Lakini hapa kila mtu na jina lake la cheti. Usijali, watoto wanazoea haraka."

Alitafuta la kusema. Angeanzia wapi? Nyuma yake wazazi wengine walikuwa wamepanga foleni, wanamsukuma kwa macho.

"Sawa, mwalimu," alisema.

Haikuchukua siku nyingi. Kidoti alirudi mchana mmoja anaruka, mkoba unampiga makalioni.

"Mama! Kumbe mimi nina jina jingine!"

Akalisema. Lote, kwa sauti, pale pale mlangoni, anajivuna kama aliyepewa nguo mpya. Mama Kidoti alimdaka akamwingiza ndani, akafunga mlango, akafunga na madirisha.

"Usiliseme tena, mwanangu. Na mtu akikuita hilo, usiitike. Umesikia? Hata kama anakuita vizuri."

"Hata Mwalimu?"

"Mwalimu peke yake. Shuleni tu."

Kidoti alikubali kwa kichwa. Alikuwa mtoto msikivu.

Jioni ile alikuwa chumbani anacheza shule. Mama Kidoti alimsikia kutoka jikoni, anakata vitunguu, mlango wa katikati uko wazi. Mtoto alikuwa amewapanga wanafunzi wake ukutani, mdoli, chupa na ndala ya baba yake, na anawaita mmoja mmoja kwa sauti nene ya Mwalimu.

"Mdoli!"

"Nipo!"

"Chupa!"

"Nipo!"

"Ndala! Ndala, mbona umechafuka? Kesho uje na mzazi."

Mama Kidoti alicheka, ingawa macho yalikuwa yanamtoka machozi ya vitunguu. Akasubiri Ndala aseme *nipo*.

Likaitwa jina la mtoto.

Kisu kikasimama hewani. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, tamu, yenye subira.

Hata mafuta kwenye sufuria yalionekana kunyamaza.

"Mama," alisema Kidoti kutoka chumbani, chini chini. "Sijaita mimi."

Alifika bila kujua amefikaje. Alipiga magoti sakafuni, akamvuta mtoto kifuani, akaweka kiganja kwenye mdomo wake. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nyuma ya pazia hapakuwa na kitu cha kuonekana. Lakini jina liliitwa tena, na safari hii lilitokea pale pale upande wa pili wa kioo, karibu kama mtu anayenong'ona sikioni.

Akahisi midomo ya mtoto inatikisika chini ya kiganja chake. Alidhani analia. Akalegeza kidole kimoja ampe pumzi.

Kidoti hakuwa analia. Alikuwa amekunja uso, ana wasiwasi wa mtoto anayetaka kufanya vizuri.

"Lakini mama," alinong'ona, "Mwalimu kasema ukinyamaza, unaandikwa haupo."